Hamira Inasingiziwa: Mkate na Skonzi Zikigoma, Anza Kuangalia Hapa

"Dada, hamira za siku hizi zimechakachuliwa." Kauli hii hunifikia mlangoni ikiwa imefuatana na skonzi moja kwenye kisahani, ngumu, nimeletewa ili nishuhudie. Sibishani. Nauliza mawili tu: maji uliyotumia yalikuwa ya moto kiasi gani, na donge ulilipa muda gani? Hapo kimya kinatawala, kisha tunarudi jikoni pamoja kutafuta ubovu. Mara chache sana tunaukuta kwenye hamira.

Nimeyapanga haya kwa dalili. Tafuta kile unachokiona mezani kwako, halafu shuka na sababu zake kwa mpangilio. Ya kwanza ndiyo inayotokea zaidi, kwa hiyo usirukie ya mwisho kwa sababu tu inakupa mtu wa kumlaumu.

Kabla ya yote, kipimo ninachotumia kama rula: unga wa ngano mweupe nusu kilo, maji au maziwa mililita 300, hamira kavu gramu 7, yaani vijiko viwili vya chai vya kusawazisha, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, sukari vijiko vitatu vya chakula, siagi au mafuta gramu 40. Humo zinatoka skonzi 15 za gramu 60, au mkate mmoja mkubwa. Kama vipimo vyako viko mbali sana na hivi, huenda ubovu umekwisha kuuona na huna haja ya kuendelea kusoma.

Donge halijaumuka kabisa

Angalia kwanza: chovya kidole kwenye unga mkavu, bonyeza donge mpaka nusu ya kidole, toa. Shimo likirudi haraka kama mpira, donge lina uhai ila bado. Likirudi polepole na kuacha kibonyeo kidogo, liko tayari. Likibaki vilevile, na donge ni zito na baridi kama udongo wa mfinyanzi, endelea na orodha hii.

*Maji au tui la moto mno.* Huyu ndiye muuaji mkuu. Hamira ni kiumbe hai. Hupenda vuguvugu la nyuzi 35 hadi 40, na ikifika kwenye 60 imekufa, hakuna dua ya kuifufua. Tatizo ni kwamba "vuguvugu" la mtu aliyezoea kushika sufuria bila kitambaa si vuguvugu la hamira. Usipime kwa kidole. Dondoshea tone kwenye kifundo cha mkono upande wa ndani, kama unavyopima maziwa ya mtoto: usisikie moto wala baridi. Mimi mwenyewe sikukuu moja nilimimina tui moja kwa moja kutoka jikoni kwa sababu wageni walikuwa njiani. Tui lina mafuta na linatunza joto. Juu lilikuwa limetulia, chini linaunguza. Wageni walikula chapati.

*Muda haujatosha.* Jikoni kuna baridi, au umetumia hamira kidogo. Soma sehemu ya "Linaumuka, ila linajivuta" kabla hujatupa kitu.

*Chumvi imezidi.* Wengi huogopa kwamba chumvi ikigusana tu na hamira inaiua. Ukichanganya na kukanda papo hapo, kipimo cha kawaida hakina neno. Balaa huja pale kijiko cha chai kinapogeuka kijiko cha chakula. Onja kipande kidogo cha donge, kisha uteme: kama ni chumvi ya mchuzi, umepata jibu.

*Sukari nyingi au viungo.* Sukari kidogo huilisha hamira, nyingi huinyang'anya maji. Ukipita gramu 50 kwa nusu kilo ya unga, tarajia donge zito la kuumuka, na uongeze hamira kijiko kimoja cha chai. Mdalasini nao unaidumaza hamira. Uweke kwenye mjazo wa kuviringisha ndani, usiukande pamoja na unga.

*Si hamira, ni beking pauda.* Usicheke. Vipakiti vinafanana na muuzaji ana haraka. Hamira ni punje za rangi ya mchanga zenye harufu ya pombe changa. Beking pauda ni unga mweupe usio na harufu hiyo.

*Hamira imekufa kweli.* Sasa ndiyo tumefika. Jaribio ni hili: robo kikombe cha maji ya vuguvugu, kijiko cha chai cha sukari, kijiko cha chai cha hamira. Funika dakika 10. Povu zito likijaa juu, ni nzima. Vijipovu viwili vitatu vya kujikongoja, itupe. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa kabatini kwenye joto la Pwani haikai sana. Ifunge isiingie hewa na uiweke kwenye friza, itakaa miezi. Na kama hamira yako ni ya punje nene, lazima uiloweke hivi kila mara; ile ya punje ndogo sana unaweza kuichanganya na unga mkavu.

Kuliokoa donge: loweka hamira mpya kijiko kimoja na nusu cha chai kwenye maji ya vuguvugu robo kikombe, subiri povu, kisha likande donge pamoja na maji hayo. Litateleza na kukutia hasira kwa dakika tano. Nyunyiza unga kidogo, endelea. Hii haisaidii kama kosa ni chumvi. Hapo tengeneza donge la pili bila chumvi kabisa, changanya mawili hayo, na majirani watakula.

Linaumuka, ila linajivuta

Mtu wa Njombe na mtu wa Dar es Salaam hawawezi kufuata saa moja. Jikoni kukiwa na nyuzi 30, donge la kipimo changu huongezeka maradufu kwa dakika 45 hadi 60. Kwenye nyuzi 18, Juni au Julai nyanda za juu, linaweza kudai saa mbili na zaidi. Halina ugonjwa. Anayeumwa ni aliyeandika "acha dakika 40" bila kusema yuko wapi.

Vitu vya kufanya, kuanzia chepesi: anza na maji ya vuguvugu, si ya bomba. Liweke bakuli ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na sufuria ya maji ya moto, ufunge mlango. Au tumia hotpoti: isuuze kwa maji ya moto, ikaushe, paka mafuta, weka donge, funika. Hakikisha ni kubwa mara tatu ya donge, la sivyo utakuta kifuniko kimesimama wima. Kuliweka bakuli juu ya jiko lenye makaa "kidogo tu" nakukataza. Upande wa chini unaiva huku juu bado kunaumuka.

Walio mahali pa juu, Nairobi, Mbeya, Iringa, wana jambo la ziada. Kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, huko ni ndogo, kwa hiyo gesi ndani ya donge hutanuka kwa urahisi zaidi. Donge huchelewa kwa baridi, halafu likishashika moto linakwenda kasi. Lichungulie mapema kuliko unavyodhani, na ongeza kijiko kimoja au viwili vya maji kwa sababu hewa ya huko hukausha unga.

Limeumuka likapitiliza, limebonyea

Hili ni letu sisi wa Pwani, hasa Januari na Februari. Umelifunika donge, umeingia kuoga, umepokea simu, ukirudi limemwagika nje ya bakuli, linanuka pombe, na ukiligusa linashuka kama puto lililotobolewa. Likiokwa hivyo, mkate unatoka bapa, una mikunjo juu na ladha ya uchachu.

Sababu ya kwanza ni muda. Ya pili ni hamira iliyoongezwa "ili liwahi". Hili la pili linaudhi kidogo, maana kuongeza hamira kwenye joto la nyuzi 32 ni kumpiga kiboko punda anayekimbia. Ukikandia siku ya joto, punguza: kijiko kimoja cha chai kinatosha, na maji yawe baridi ya friji.

Kama bado hujaoka, hujapoteza kitu. Lipige ngumi lote litoe hewa, kanda dakika moja, umba upya, na safari hii lipe nusu tu ya muda. Likibonyea mara ya pili, limechoka, na skonzi hazitasimama. Lisukume bapa uoke kwenye kikaango kikavu kama mkate wa kulia mchuzi. Au kata kipande cha ngumi, kiweke kwenye friji, kesho kikande pamoja na unga mpya. Mkate wa hivyo una ladha ambayo hamira peke yake haileti.

Kwa familia inayotaka skonzi za chai ya asubuhi, friji unaweza kuigeuza rafiki: kanda usiku, umba, panga kwenye trei, funika na uweke kwenye friji. Donge litaumuka polepole usiku kucha. Asubuhi litoe nusu saa kabla ya kuoka.

Donge linanata mikononi

Usiongeze unga. Nasema tena kwa sababu najua mkono umekwisha kuufikia mfuko: usiongeze unga bado.

Mara nyingi donge linanata kwa sababu halijakandwa vya kutosha. Kwa mkono ni dakika 10 hadi 15 za kweli, si tano za kukadiria. Kama limekushinda, lifunike dakika 20 uende ukaoshe vyombo. Unga utanywa maji, na glutini, ule utando unaoshika hewa, utaanza kujijenga wenyewe. Ukirudi, paka mikono mafuta badala ya unga. Kisha jaribu: kata kipande kama limau, kivute taratibu kwa vidole vya mikono miwili. Kikivutika mpaka uone mwanga kupitia utando bila kuchanika, acha kukanda.

Kama baada ya hapo bado linatiririka, basi ama maji yalizidi, ama unga ni dhaifu. Unga uliotengenezwa kwa keki una protini kidogo na hautakupa utando hata ukande mpaka adhuhuri. Soma pakiti: tafuta ulioandikwa wa mikate, au wa matumizi yote. Hapo ndipo ruhusa ya kuongeza unga inapatikana, kijiko kimoja kimoja.

Skonzi nzito, ngumu, ukimrushia mtu anaumia

Sababu kuu ni ile niliyokukataza hapo juu: unga mwingi. Na chanzo chake mara nyingi ni kikombe. Kikombe kilekile, ukichota unga kwa kukizamisha mfukoni, hubeba gramu 150 au zaidi. Ukiujaza kwa kijiko na kusawazisha kwa kisu, ni kama 125. Kwenye vikombe vinne tofauti ni gramu 100. Mwenzako aliyekupa vipimo alikuwa mkweli, mikono yenu tu ndiyo iliyotofautiana. Kama huna mizani, nunua pakiti ya kilo moja na uigawe katikati, au mwambie muuza duka akupimie nusu kilo kamili.

Ya pili: hazikuumuka mara ya pili. Ukishaumba, skonzi zinahitaji dakika 30 hadi 45 nyingine kwenye trei. Mwenye njaa hupenda kuruka hatua hii. Zipange zikiwa na nafasi ya kidole kimoja kati yake. Zikiumuka zitagusana mabega na kubaki laini ubavuni.

Ya tatu: moto mdogo kwa muda mrefu. Skonzi za gramu 60 zinataka nyuzi 190 kwa dakika 15 hadi 20. Ukiziacha dakika 40 kwenye moto wa kubembeleza zinakauka kabla hazijapata rangi.

Ya nne ni unga usiokobolewa. Pumba zake hunywa maji mengi na kukata utando wa glutini. Anza na robo ya unga huo na robo tatu mweupe, na uongeze maji.

Nje umeungua, ndani mbichi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi tunaoka kwa mkaa na vitabu vya mapishi vinajifanya havituoni.

Kwanza hakikisha kweli ni mbichi. Mkate ukitoka motoni bado unaendelea kuiva ndani. Ukiukata wakati huo unashikana na kisu na kuonekana kama ugali. Ngoja angalau dakika 40. Kujua kama umeiva, ugeuze na ugonge kitako kwa vidole: sauti ya uwazi, kama ngoma ndogo, umeiva, sauti ya kugonga mto, rudisha. Mwenye kipimajoto aingize katikati. Nyuzi 90 hadi 95 zinatosha.

Kama kweli ni mbichi, kwa oveni kosa ni moto mkali mno, au chombo kimejazwa kupita kiasi. Donge lisivuke nusu au theluthi mbili ya chombo kabla ya kuumuka. Punguza moto ukishapata rangi, funika juu kwa karatasi ya foili, ongeza dakika 10. Oveni isiyo na namba za kuaminika ipime kwa unga: nyunyiza kijiko kimoja kwenye trei. Ukigeuka kahawia hafifu kwa dakika tano, ni moto wa wastani, weka mkate. Ukiwa mweusi kwa dakika moja, subiri kwanza upoe.

Kwa mkaa, kosa karibu siku zote ni moto wa chini. Chuma kinachogusa makaa hupitisha joto haraka kuliko hewa iliyo juu ya mkate, kwa hiyo ukigawa makaa sawasawa, kitako kinaungua huku uso umepauka. Chini weka makaa machache, tena yasambae pembeni kuliko katikati. Yaliyobaki, sehemu kubwa, palia juu ya kifuniko. Ndani ya sufuria kubwa tandaza mchanga mkavu unene wa vidole viwili, au weka kipande cha chuma, ndipo uweke chombo chenye donge. Ipashe sufuria moto dakika 10 kabla. Usifunue kabla ya dakika 15, maana kila ukifunua unatoa joto na kumwaga majivu juu ya mkate. Na makaa yawe yameshika vizuri, yameanza kuwa na majivu; yanayotoa moshi yanaupa mkate harufu ya kuni.

Tahadhari mbili. Usitumie mawe ya mtoni au yaliyolowa badala ya mchanga, maji ndani yake yakichemka jiwe linaweza kupasuka kwa kishindo. Na sufuria au kikaango chenye utando mweusi usiogandisha chakula usikiweke juu ya mkaa kikiwa kitupu; utando huo ukipata joto kali hutoa mvuke wenye sumu.

Madogo madogo ya sura

Umepasuka ubavuni: haujaumuka vya kutosha baada ya kuumbwa, ganda limekauka gesi ikatafuta mlango. Subiri zaidi, funika kwa kitambaa chenye unyevu, na uchane juu kwa kisu kikali kabla ya kuoka.

Mweupe kama mgonjwa: sukari kidogo, moto mdogo, au hukupaka kitu. Paka juu maziwa au yai lililopigwa, kwa wepesi.

Matundu makubwa chini ya ganda: hukutoa hewa wakati wa kuumba. Lisukume bapa kwanza, ndipo ulikunje.

Skonzi zimekunjamana zilipopoa: zimeiva juu juu, au zimeachwa kwenye trei zikatoa jasho. Zihamishie kwenye wavu, au hata kwenye ungo uliofunikwa kitambaa.

Unamomonyoka ukikata: haukukandwa vya kutosha, au unga ni wa keki.

Umeme umekatika katikati

Donge bado halijaingia ndani ya oveni: liweke kwenye friji, hata isiyo na umeme ina baridi ya kutosha kwa saa kadhaa. Liko ndani chini ya dakika 10: usifungue mlango, ngoja robo saa, umeme usiporudi, hamishia kwenye sufuria yenye moto juu na chini. Limepita nusu ya muda: liache ndani, joto lililobaki linaweza kumalizia skonzi, ila mkate mkubwa utahitaji mkaa au jiko la gesi. Kulitoa na kulirudisha jioni hakufai, linakuwa raba.

Siku ya pili: mkavu, ukungu, au nyuzi

Mkavu: usiuweke kwenye friji. Wanga wa mkate huganda na kukakamaa haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji kuliko mezani. Uache kwenye kitambaa ndani ya chombo chenye kifuniko siku moja au mbili. Wa zaidi ya hapo ukate vipande, weka kwenye friza, pasha unapohitaji. Mafuta na maziwa huongeza ulaini. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yakande unga.

Ukungu: uliufunga kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado moto. Usikate sehemu ya kijani na kula iliyobaki, mizizi yake imeshaingia ndani usikokuona. Tupa.

Nyuzi: hii ndiyo inayonitisha kuliko zote, na watu hawaijui. Mkate ulitoka mzuri, siku ya pili ndani umelegea, unanata, una madoa ya kahawia, ukiuvunja vipande vinavutana kwa nyuzi kama bamia, na harufu ni ya nanasi au tikiti lililooza. Si kwamba haukuiva. Ni bakteria wa aina ya Bacillus waliokuwemo kwenye unga. Mbegu zao hustahimili moto wa kuoka, kisha kwenye joto na unyevu wa Pwani huamka. Usiule wala usiwape watoto. Utupe ukiwa umefungwa, osha meza, vyombo na mbao zote kwa maji ya sabuni kisha siki, tupa unga wote uliobaki ndani ya pipa la kuhifadhia unga, na safisha pipa hilo kabla ya kujaza mwingine. Donge linalofuata litie siki kijiko kimoja cha chakula kwa nusu kilo ya unga, bakteria hao hawapendi uchachu. Upoze mkate haraka. Ukirudia hata baada ya kubadili unga, acha kuoka kwa ajili ya watu wengine na uombe ushauri wa afisa afya wa kata.

Na watoto wasilambe donge bichi. Unga ni mbichi pia, unaweza kubeba vijidudu. Kama kuna mtoto anayeharisha, kuvimba tumbo au kudhoofika kila akila ngano, usibadilishe mapishi nyumbani. Mpeleke kituo cha afya achunguzwe.

Hapa simama, ita mtu

*Harufu ya gesi.* Funga mtungi. Fungua milango na madirisha. Usiwashe wala kuzima taa, usipige simu ukiwa ndani. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inatulia chini sakafuni walipo watoto, kwa hiyo toa watu nje kwanza. Mpigie muuzaji au fundi ukiwa nje. Moto ukiwaka, kwa Tanzania Zimamoto ni 114. Ndimi za moto zikiwa za njano na kuacha masizi badala ya bluu, acha kuoka mpaka fundi asafishe jiko.

*Kichwa kinauma ukioka kwa mkaa.* Mkaa hutoa kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Mvua ikinyesha kishawishi ni kuingiza jiko ndani na kufunga dirisha. Usifanye hivyo. Kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi usio wa kawaida: toka nje mara moja, watoe wote, nenda hospitali hata kama unajisikia nafuu.

*Umeungua.* Maji baridi yanayotiririka, dakika 20. Si dawa ya meno, si unga, si siagi. Jeraha likizidi kiganja, likiwa usoni, au aliyeungua ni mtoto mdogo, ni hospitali.

*Oveni inakurusha, inakata umeme wa nyumba nzima, au plagi imebadilika rangi.* Zima kwenye swichi kuu, usiiguse tena. Oveni ndogo ya mezani hula wati 1,500 au zaidi, na waya mwembamba wa kuunganishia ulionunuliwa kwa ajili ya simu na redio hauubebi mzigo huo. Huchemka ukutani bila wewe kuona. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, si ya shemeji anayejua kidogo. Akishamaliza, iwashe kwanza ikiwa tupu kwa dakika 20 na ushike plagi kwa nyuma ya mkono. Ikiwa haina joto, kanda unga.